Kabla hujanunua programu ya kiwanda, mwulize muuzaji kuhusu gunia

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye viwanda vidogo hapa Eastleigh ni hili: "Fundi, tununue programu gani?" Anayeuliza huwa ameuza bidhaa zake Nairobi kwa miaka mingi, pengine na Mombasa, pengine na Kampala kupitia mabasi ya usiku. Sasa kuna mtu Dubai au Muscat au London au Minneapolis ambaye ameonja, ameridhika, na anataka mzigo kila mwezi. Mwenye kiwanda ameambiwa na shemeji yake kwamba daftari na Excel havitamfikisha ng'ambo. Ameambiwa kuhusu SAP, kuhusu Odoo, kuhusu Tally. Ameshapigiwa simu na wauzaji watatu, na kila mmoja ana mchoro wa rangi unaoonyesha mauzo yakipanda.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu hudhani nitawatajia jina hapo hapo. Siwatajii. Huwauliza kwanza: gunia lenu la mwisho la malighafi liliingia stoo siku gani, na lilikwisha siku gani? Wengi hucheka. Wakimaliza kucheka, hawajui.

Eastleigh inajulikana kama mahali pa bidhaa kuingia. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni mpaka vyumba vyake vikageuka maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaja Amal Plaza, yakafuata majumba mengine hadi BBS Mall ya juzi juzi. Nguo za Uturuki, simu za China, manukato ya Dubai. Lakini nyuma ya hayo maduka, katika ghorofa za juu na kwenye ploti za vichochoroni, kuna watu wanaotengeneza: halwa, bizari za pilau, kashata za simsim, makubadhi, mapazia, magodoro. Hawa hawatajwi sana. Na hawa ndio wenye njia ya kuuza nje ambayo kampuni nyingi kubwa hazina, kwa sababu kila mmoja ana ndugu au jirani wa zamani aliyefungua duka mahali fulani duniani. Jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani iko jimbo la Minnesota. Wale watu hawajaacha kula halwa.

Nitazungumzia chakula, kwa sababu ndicho nilichokishughulikia mwaka huu, na kwa sababu kwenye chakula kuchagua programu mbaya kunaumiza haraka zaidi. Mteja wangu ni mama mmoja mwenye jiko la halwa, bizari na kashata, wafanyakazi 22, wengi wao wanawake wanaolipwa kwa wiki. Mwagizaji wa Minneapolis alimtumia kurasa kadhaa za masharti. Akaniita nikamsomee. "Kijana wangu," akaniambia, "nitafsirie hiki Kiingereza cha wanasheria, halafu uniambie kompyuta ya kununua."

Sharti lililokuwa na uzito ni moja. Akipewa namba iliyoandikwa kwenye pakiti yoyote, aweze kusema malighafi yake ilitoka kwa nani, na pakiti nyingine za bechi hiyo hiyo zilikwenda kwa nani, na aseme hayo ndani ya saa 24. Yule mwagizaji hakujitungia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2002, baada ya hofu ya mashambulio ya kibaolojia, inayowataka wenye kushika chakula waweke kumbukumbu za hatua moja nyuma na hatua moja mbele, na wakiombwa na FDA wazitoe ndani ya saa 24. Kiwanda cha nje kinachopeleka chakula huko lazima kijisajili, kiwe na wakala wake Marekani, na usajili huo hurudiwa kila mwaka unaogawika kwa mbili. Mwagizaji naye anabanwa na sheria: lazima ajiridhishe kwamba msambazaji wake wa ng'ambo anafanya kazi kwa usalama. Umoja wa Ulaya una sharti kama hilo la hatua moja nyuma na moja mbele tangu tarehe 1 Januari 2005. Kwa hiyo mama akikosa jibu, yule mwagizaji hataweka shingo yake hatarini kwa ajili ya kashata. Atatafuta jiko jingine.

Hebu tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Gunia moja la simsim ni kilo 90. Sufuria moja ya kashata inakula kilo 30, kwa hiyo gunia moja linatoa bechi tatu. Kila bechi inajaza katoni 10. Kwa mwezi jiko linamaliza magunia 14, yaani bechi 42, yaani katoni 420. Sasa simu inapigwa: simsim ya msambazaji fulani imekutwa na tatizo. Ukijua gunia lile liliingia bechi zipi, unarudisha katoni 30. Usipojua, unarudisha zote 420, kutoka Minneapolis, kwa gharama yako, na mishahara ya wiki hiyo utaitafuta kwingine. Tofauti ya 30 na 420 ndiyo bei halisi ya programu unayotaka kununua. Muuzaji wako akikuonyesha jedwali la bei, liweke kando ya hesabu hii.

Na usidhani natia chumvi. Septemba 2020 Ubelgiji ilitoa tahadhari kwamba simsim iliyotoka India ina mabaki ya ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua vijidudu lakini imepigwa marufuku kwenye chakula cha Ulaya. Kiwango kilichoruhusiwa kwa simsim kilikuwa miligramu 0.05 kwa kilo, yaani karibu hakuna. Miezi iliyofuata mikate, biskuti, hata michanganyiko ya bizari iliondolewa kwenye rafu za nchi nyingi, maelfu ya bidhaa. Mbegu ni ndogo, inaingia kila mahali. Waliokuwa na kumbukumbu za bechi waliondoa bechi. Wengine waliondoa kila kitu walichokuwa nacho chenye simsim.

Basi nikaenda stoo ya mama nikaangalie. Simsim yake nyingine hutoka kaskazini mwa Uganda, nyingine Ethiopia, kutegemea bei. Magunia yanapofika, hamali huyamimina kwenye pipa kubwa la plastiki lenye mfuniko, safi kabisa, panya hawaingii. Pipa likifika nusu, linaongezwa. Unaona tatizo? Pipa lile halijawahi kukauka. Simsim ya Machi imechanganyika na ya Aprili, ya Uganda na ya Ethiopia, na hakuna programu duniani, iwe ya shilingi elfu kumi au ya dola milioni kumi, itakayoitenganisha. Kompyuta haijui kitu ambacho mikono haijakitenga. Nilimwambia mama anunue kalamu ya wino mzito, kadi za kufunga kwenye magunia, na mapipa madogo 6 ya kilo 90 kila moja: gunia moja, pipa moja, linaisha, linaoshwa, ndipo lijazwe. Karani wa stoo aandike kwenye daftari namba ya gunia na namba ya bechi. Wiki tatu, bila kompyuta yoyote. Binti yake, ambaye ndiye mhasibu, aliniuliza kama hii ndiyo tekinolojia niliyosomea. Ndiyo, ni hii hii.

Tulipopata wiki tatu za daftari safi ndipo tukawaita wauzaji wa programu. Na hapa nina ushauri ambao ningependa uuchukue hata kama hutachukua mwingine. Usimwachie muuzaji aendeshe maonyesho yake mwenyewe. Anayo data yake ya mfano, kampuni ya kubuni inayouza baiskeli au meza, na kila kitu kinakwenda kama maji. Mpe daftari lako. Mwambie: ingiza magunia haya matatu, ingiza bechi hizi tisa, ingiza ankara hizi nne. Halafu mpe namba ya pakiti moja, mwulize ilitokana na gunia gani. Halafu mpe namba ya gunia, mwulize katoni zake ziko wapi sasa. Tazama saa yako, na hesabu ni mara ngapi anasema "hiyo tunaweza kuwaandikia baadaye."

Muuzaji wa kwanza aliyekuja alikuwa kijana mtanashati mwenye kompyuta mpya, na programu yake ilikuwa na moduli ya wafanyakazi, moduli ya magari, moduli ya kupima hisia za wateja. Swali la kwanza, la pakiti kurudi kwenye gunia, alilijibu kwa dakika nne. La pili, la gunia kwenda mbele, lilimshinda. Programu yake ilifuata njia upande mmoja tu. Lakini simu za hatari huanzia upande wa gunia! Msambazaji ndiye anayepiga akisema mzigo wangu una kasoro. Aliahidi kutuletea ripoti maalumu kwa malipo ya ziada. Mama alimshukuru, akampa chai na kashata, akaenda zake.

Kuna jambo dogo linalofanana na hili ambalo wengi hulisahau. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Marekani inaihesabu simsim miongoni mwa vyakula vikuu vinavyodhuru watu wenye mzio, ya tisa baada ya maziwa, mayai, karanga na jamaa zake. Lazima itajwe kwenye pakiti. Sasa jiko linalopika kashata asubuhi na halwa mchana kwa sinia zile zile linahitaji kujua ni bechi gani ya halwa ilifuata bechi gani ya simsim, na sinia ziliosha na nani kati yake. Programu nzuri ya kiwanda ina mahali pa kuandika mpangilio wa kazi wa siku na usafi wa vyombo. Programu ya duka iliyobandikwa jina la kiwanda haina. Mwulize muuzaji. Macho yake yatakujibu kabla ya mdomo.

Vipimo navyo. Hapa kwetu simsim inanunuliwa kwa gunia, inapimwa kwa debe au gorogoro mzee akiwa stoo, inapikwa kwa kilo, na pakiti inaandikwa gramu. Marekani wanataka uzito wa pakiti uandikwe kwa wakia na kwa gramu pia: gramu 250 ni wakia 8.8. Programu lazima ishike kipimo kimoja cha msingi, kilo, na vingine vyote viwe ni tafsiri tu ya hicho. Ukiruhusu kila mtu aingize kwa kipimo chake utapata vioja. Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, iliingia Kanada Machi 2013 na mfumo mpya wa SAP ambao ulijazwa kwa haraka. Inchi ziliandikwa mahali pa sentimita, fedha za nchi moja mahali pa nyingine. Maghala yakajaa huku rafu zikiwa tupu. Januari 2015 ilitangaza kufunga maduka yote 133, na watu zaidi ya 17,000 wakapoteza kazi. Hayakuwa makosa ya kipimo peke yake, lakini waliosimulia kisa kile baadaye walirudi kwenye data mbovu kila mara. Kumbuka SAP ni programu inayoheshimika. Tena Kanada na Marekani zinapakana na zinaongea lugha moja. Mama yangu wa halwa anavuka bahari.

Haya, twende kwenye kodi, ambako wauzaji hupenda kupapita.

Mzigo unaouzwa nje ya Kenya hutozwa VAT ya asilimia 0. Hiyo si sawa na bidhaa iliyosamehewa kodi, ingawa kwa mteja zote mbili ni senti sufuri. Ukitozwa asilimia 0 una haki ya kudai kodi uliyolipa kwenye malighafi na vifungashio. Ukisamehewa, huna. Nimeona programu yenye kitufe kimoja tu kilichoandikwa "bila kodi". Kwa anayeuza nje, kitufe hicho ni tundu mfukoni. Halafu ankara zenyewe lazima zipitie eTIMS ya KRA, ambayo ilianza 2023, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi yako ya mapato. Hilo linahusu hata huyo anayekuuzia sukari na makatoni. KRA imeweka njia ya programu kuzungumza na eTIMS moja kwa moja. Muuzaji anayekuambia karani wako ataandika ankara mara mbili, kwenye programu yake na kwenye eTIMS, anakuuzia nusu ya programu.

Na huko unakokwenda kuna kodi zao. Falme za Kiarabu zilianza VAT ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2018. Saudia ilianza siku hiyo hiyo kwa asilimia 5, na Julai 2020 ikapandisha hadi 15. Oman iliingia Aprili 2021 kwa 5. Uganda, Tanzania na Rwanda zote ni 18, na kila moja ina mfumo wake wa risiti za kielektroniki. Ukiuza kutoka hapa kwa mwagizaji wa huko, kodi ile ni mzigo wake. Lakini siku utakayofungua ghala lako mwenyewe Deira au Kampala, itakuwa yako, na programu lazima ibebe kampuni mbili zenye kodi mbili bila kuzichanganya. Mwulize muuzaji kiwango cha kodi kinabadilishwa wapi na nani anaweza kukibadilisha. Tusisahau kwamba hata hapa Kenya VAT ilishuka kutoka 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Wiki ile ya Aprili nilitazama maduka yakichapisha risiti za 16 kwa siku kadhaa kwa sababu aliyeandika programu aliipachika hiyo 16 ndani ya msimbo, na yeye mwenyewe simu yake haishikwi.

Fedha za kigeni nitazipitia haraka, mfano mmoja unatosha. Uliuza mzigo wa dola 10,000 mwishoni mwa Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160. Kwenye vitabu vyako ukaandika shilingi 1,600,000. Mteja akalipa mwishoni mwa Machi, dola ikiwa imeshuka hadi karibu 132. Umepokea 1,320,000. Zile 280,000 zilizoyeyuka hazikuibwa na karani, na si hasara ya kashata. Programu inayojua fedha zaidi ya moja itaziweka kwenye leja yake, mahali pa faida na hasara za kubadilisha fedha. Isiyojua itakufanya umshuku mtu asiye na hatia. Nimeona udugu ukivunjika kwa kitu kama hicho.

Sasa majina, maana najua ndiyo mliyokuwa mkiyasubiri.

SAP Business One na Microsoft Business Central ni programu kamili. Jambo la kufurahisha ni kwamba zote mbili zilinunuliwa na wakubwa hao mwaka huo huo, 2002: ya kwanza ilitoka Israeli, ya pili Denmaki ikiitwa Navision. Zina kila kitu nilichotaja. Lakini leseni hulipwa kwa kila mtumiaji, na ili zikae sawa unahitaji wakala mzuri ambaye siku zake za kazi zitakugharimu kuliko leseni yenyewe. Kwa kiwanda cha watu 22 kinachotuma kontena moja kwa mwezi, maoni yangu ni kwamba ni koti kubwa. Lifikirie siku una kampuni iliyosajiliwa nchi ya pili na wakaguzi wanataka hesabu za pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa.

Tally ya India tayari iko kwenye kompyuta za wahasibu wengi wa Nairobi. Watu huidharau kwa sababu sura yake ni ya kizamani. Mimi siidharau. Ina bechi, ina tarehe za kuisha, ina fedha nyingi, na mhasibu wako anaijua akiwa usingizini. Kama unayo na bidhaa zako ni nne au tano, jaribu kwanza mtihani wa gunia ndani yake kabla hujatoa shilingi moja. Pale inapochoka ni kwenye kiwanda chenyewe, mpangilio wa kazi, vyombo, nani alipika nini.

Odoo ya Ubelgiji, iliyoanza 2005 kwa jina la TinyERP, na ERPNext ya India ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na unaweza kuisimika bila kulipia leseni. Zote mbili hufuata bechi mbele na nyuma. Kwenye Odoo uwe macho: toleo la bure lina kiwanda na stoo, lakini uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. ERPNext ina yote kwenye toleo moja la wazi, ila mafundi wake Nairobi ni wachache kidogo, na ukimkosa fundi, bure inageuka ghali. Kama ningelazimishwa kuchagua leo kwa jiko kama la mama, ningeweka moja ya hizi mbili na ningetumia pesa za leseni kumlipa fundi wa karibu anayeweza kufika Eastleigh kwa matatu, nchi ikiwa na mvua.

Kuna watakaosema Excel inatosha. Inatosha mpaka siku isipotosha. Oktoba 2020 ilijulikana kwamba Uingereza ilikuwa imeacha nje karibu watu 16,000 waliopimwa wakakutwa na korona kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani lilijaa, mistari 65,536, na iliyozidi ikakatwa kimyakimya. Faili halikulia wala halikuonya. Hata hivyo sichukii Excel. Jiko lenye daftari safi na Excel iko mbele ya jiko lenye SAP na pipa lisilokauka.

Wengine watasema kinyume: tununue kubwa sasa, tutakua ndani yake. Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani, walifanya kazi na SAP kwa miaka 7 hivi wakaacha mwaka 2018, na magazeti yalikadiria yuro milioni 500 zilikwenda. Moja ya sababu zilizotajwa ni ndogo ajabu. Lidl walizoea kuhesabu thamani ya stoo kwa bei ya kununulia, mfumo ulitaka bei ya kuuzia, na hakuna aliyekubali kubadili desturi yake, hivyo wakawa wanaukata na kuushona mfumo mpaka ukawa viraka vitupu. Wewe na mimi hatuna yuro milioni 500. Kabla ya kusaini, keti na mhasibu na mpishi mkuu, mwandike kwenye karatasi moja jinsi mnavyohesabu gharama ya bechi: je, simsim iliyomwagika imo? Gesi? Kashata zilizovunjika ambazo watoto wa jirani huzila? Kama programu inahesabu kwa njia nyingine, amueni mapema ni nani atakayeinama, nyinyi au yenyewe. Na mkiamua yenyewe iiname, mjue mtalipia kila toleo jipya likitoka.

Suala la seva liko wapi nalo huulizwa. Wauzaji wengi siku hizi wanataka data yako ikae kwao, wewe uingie kwa intaneti. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao, kwa sababu kompyuta inayokaa jikoni huungua, huibiwa, hunywewa chai. Lakini Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Stima ya Eastleigh tunaijua. Jiko haliwezi kusimama likingoja intaneti. Basi jaribuni siku moja nzima bila mtandao: karani aandike kwenye fomu za karatasi zenye safu zile zile za programu, jioni aingize. Kama kuingiza siku moja kunamchukua zaidi ya saa moja, programu ina kurasa nyingi mno kwa kazi yenu.

Mama amebakiwa na wauzaji wawili. Wote walipita mtihani wa gunia, mmoja kwa dakika moja na nusu, mwingine kwa tatu. Bei zinakaribiana. Kinachobaki ni kipengele kimoja cha mkataba nilichowaomba wote wawili waandike: mteja akiamua kuondoka, anapewa data yake yote, magunia, bechi, ankara, tarehe, katika mafaili ya kawaida yanayofunguka bila programu yao, ndani ya siku 14, bila malipo. Mmoja amekiandika siku hiyo hiyo. Wa pili amesema lazima aulize makao makuu, na mpaka ninapoandika haya bado anauliza.